Maporomoko ya Lofoi na njia ya zamani

Wasomaji wetu wa Lubumbashi, wa Likasi na wa Kasenga wamekwisha kusikia jina la Lofoi. Lakini ukiwauliza habari za maporomoko yake, wengi watakujibu kwa neno moja tu: mbali. Maji marefu, maji mazuri, lakini mbali. Na kweli, mwenye kwenda kuyatazama yampasa gari lenye nguvu, siku mbili tatu, chakula cha kutosha na miguu isiyochoka upesi. Hakuna kijiji jirani na ukingo ule, wala duka, wala mtu wa kuuza hata ndizi.

Ila neno hilo «mbali» si la tangu zamani. Kulikuwa na wakati ambapo njia kubwa ya Katanga ilipita katika mlima huo na katika bonde lililo chini yake, na waliokaa mbali ni wale waliokuwa mahali penye Lubumbashi ya leo. Jambo hilo twataka kulieleza, kwani wageni wengi hufika pale, hupiga picha, hurudi nyumbani wakidhani wameona pori ambalo halikupata kuwa na watu.

Tuanze na mlima wenyewe. Kundelungu si mlima wenye kichwa kama ile ya Kivu. Ni kama meza ndefu, iliyosimama kati ya bonde la Lufira upande wa magharibi na bonde la Luapula upande wa mashariki. Juu yake, kwenye mita 1.700 hivi, inchi ni tambarare, majani matupu mpaka upeo wa macho, miti michache katika mabonde madogo. Usiku baridi yauma kweli, hasa mwezi wa sita na wa saba. Vijito vya huko juu vyaenda polepole, vyazungukazunguka katika majani kama ng'ombe asiye na mchungaji. Ukifuata mojawapo, hutafikiri hata kidogo kwamba mbele yako inchi inakatika.

Nayo yakatika ghafula. Meza ile imejengwa kwa mawe yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na yale ya juu ni magumu. Maji yakila mawe laini yaliyo chini, yale magumu hubaki yametokeza, kisha huvunjika yakianguka wima. Ndiyo sababu ukuta haulali kama mteremko, wasimama kama ukuta wa kanisa. Mto Lofoi wafika penye ukingo huo na kuanguka mara moja, zaidi ya mita 340. Vitabu vingine vyayaita maporomoko haya Kaloba, lakini ni yale yale. Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambayo yasifiwa sana, yanapungukiwa na haya kwa mita mia moja na zaidi. Mosi-oa-Tunya ya Zambezi yana maji mengi kupita kiasi, na upana ambao Lofoi haina. Lakini kwa urefu, Lofoi ni zaidi ya mara tatu yake.

Tulipofika sisi, tulisikia kwanza upepo, si maji. Upepo wapanda kutoka bondeni kwa nguvu, nao wachukua maji kabla hayajafika chini, wayatawanya kama moshi mweupe. Mlinzi wa hifadhi aliyetuongoza alitwambia tulale kifudifudi ili tuchungulie, naye akashika miguu ya mwenzetu mmoja aliyekuwa na tamaa ya kusogea. Hakuna uzio wala kamba. Chini kabisa twaona msitu wa kijani kibichi, unaonyweshwa na manyunyu mwaka mzima, na mto mwembamba kama uzi ukienda kutafuta Lufira. Tulinyamaza muda mrefu. Mmoja wetu akafanya ishara ya msalaba, wala hakuna aliyemcheka.

Basi, turudi kwenye njia.

Kabla ya Wazungu, vitu viwili vya Katanga vilitafutwa na watu wa mbali: shaba na chumvi. Shaba ilichimbwa na kuyeyushwa na wafuaji waliojiita walaji wa shaba. Askofu de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, na maandishi yake yasomwa hata leo na wenye kuchunguza mambo hayo. Waliimwaga katika udongo iwe misalaba midogo, na misalaba hiyo ilitembea inchi nyingi kama fedha. Chumvi ilitoka Mwashya, karibu na Lufira. Mwenye kutoka mashariki, kwa Kazembe wa Luapula, akitaka shaba au chumvi, alikuwa na Kundelungu mbele yake. Yampasa apande aipite, au atafute mahali pa kuizunguka. Mwisho wa mwaka 1806 walifika kwa Kazembe watu wawili weusi kutoka Angola, Pedro João Baptista na mwenzake, watumwa wa mfanyabiashara mmoja wa Kireno. Walikuwa wamevuka inchi hii kwa miguu toka magharibi, wakaendelea mpaka Tete, wakarudi kwa njia ile ile, na mmoja wao akaandika safari yao. Watoto wetu shuleni hufundishwa majina ya Wazungu waliovuka Afrika. Ya hao wawili hawayajui, ingawa walitangulia kwa miaka arobaini na zaidi.

Livingstone naye alifika kwa Kazembe mwaka 1867. Hakuvuka Luapula kuja upande wetu, lakini wafanyabiashara walimsimulia habari za shaba ya Katanga, na za watu wa Urua wenye nyumba ndani ya ardhi. Aliyaandika hayo, na mpaka siku ya kufa kwake alitamani kwenda kuyaona. Habari hizo za mapango tutazirudia.

Karibu na mwaka 1856 alikuja mtu ambaye ndiye aliyegeuza kila kitu. Kalasa, Msumbwa wa inchi ambayo leo ni Tanzania, alikuwa akisafiri kununua shaba ya Katanga, na mwana wake Ngelengwa akaja kukaa. Huyo ndiye Msiri. Alikuja na bunduki na watu wachache, akawasaidia wakubwa wa inchi katika vita vyao, kisha akawa mkubwa wao. Alijenga Bunkeya, upande wa magharibi wa Lufira, na misafara ikaja kwake toka pande mbili: toka Benguela kwa bahari ya magharibi, na toka Tabora na pwani ya Unguja kwa bahari ya mashariki. Kiswahili kilisikika Bunkeya kabla hajaja padri hata mmoja wala askari wa Leopold. Wenye kusema kwamba Kiswahili cha Katanga kililetwa na kazi ya migodi peke yake, wanaanza hadithi katikati.

Lakini misafara haikununua shaba na pembe tu; ilinunua watu. Bayeke waliwinda watumwa katika inchi za jirani, na hapo Kundelungu ikapata kazi nyingine. Balomotwa, wenyeji wa mlima, walijua mapango yake na mabonde yake ya kina kama mtu anavyojua nyumba ya mama yake. Vita vikija walipanda, wakaingia ndani ya mawe pamoja na watoto na chakula. Wasafiri waliopita katika miaka ile waliandika kwa mshangao habari za «watu wa mapango», kana kwamba wamevumbua taifa la ajabu. Hawakuwa taifa la ajabu. Walikuwa wakulima wenye hofu. Mtu halali pangoni kwa kupenda. Hulala pangoni kwa sababu kijiji chake kimechomwa. Na pango si kimbilio la hakika daima: Mulowanyama, mkubwa wa Basanga aliyewaasi Bayeke na kisha kuwakataa Wabeleji, alizingirwa na askari wa serikali pamoja na watu wake katika pango la Tshamakele, nao wakafa humo ndani.

Mwaka 1886 alifika Bunkeya Mwingereza Arnot, mmisionari Mprotestanti, na baadaye wenzake, kati yao Dan Crawford. Kisha wakaja wenye bendera. Sharpe alikuja mwaka 1890 kwa ajili ya Waingereza, Msiri akamkataa. Mwezi wa nne wa mwaka 1891 akafika Le Marinel, akitoka Lusambo, kwa jina la Mfalme Leopold. Msiri hakutaka bendera ile pia, lakini alikubali Wabeleji wakae. Wakaenda kujenga ng'ambo ya Lufira, chini ya Kundelungu, penye mto Lofoi. Legat na Verdick wakaachwa pale na askari wachache. Huo ndio mwanzo wa serikali ya Wabeleji katika Katanga: kituo cha udongo na majani, kando ya mto ule ule unaoanguka toka juu ya mlima.

Mwisho wa mwaka ule akaja Stairs, mzaliwa wa Kanada, na wapagazi wengi wa Unguja na wa pwani. Alifuata njia ya mashariki, akavuka Luapula, akafika Bunkeya tarehe 14 Desemba. Siku sita baadaye, tarehe 20 Desemba 1891, Kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi akamwua, na yeye mwenyewe akauawa papo hapo. Bayeke husimulia mpaka leo kwamba kichwa cha Mwami wao kilikatwa kikachukuliwa, na maumivu hayo hayajapoa. Kisha ikaja njaa. Watu walikimbia, mashamba yaliachwa, na mji ule uliokuwa mkubwa kupita yote ukabaki mtupu. Wapagazi wengi wa pwani walikufa huko na kuzikwa mbali na kwao, kwa ajili ya mfalme ambaye hawakupata kumwona. Stairs naye hakufika kwao. Alikufa Chinde, penye mlango wa Zambezi, mwezi wa sita wa mwaka 1892.

Bunkeya ilipokufa, Lofoi ikawa mji. Kwa miaka karibu kumi, kila jambo la Katanga liliamuliwa pale. Crawford na wenzake walihamia kwanza upande huo, baadaye wakaenda Luanza kwenye ziwa Mweru. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alishika uongozi wa Bayeke, na Wabeleji wakamtaka akae karibu na kituo. Alikubali. Vijana wake wakawa askari wa msaada, wakaenda vitani pamoja na wazungu wa kituo kuwatiisha wale ambao baba yake hakumaliza kuwatiisha. Watu wengine wamlaumu sana kwa jambo hilo. Sisi twaona kwamba alikuwa na watu wenye njaa nyuma yake na bunduki mbele yake. Lakini twakubali kwamba kwa Basanga na Balomotwa tofauti haikuonekana sana. Walimkimbia baba, wakamkimbia mwana.

Mkubwa wa kituo aliyekumbukwa zaidi ni Brasseur, mtu mkali, aliyeipitia inchi yote akidai pembe na utii. Aliuawa mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1897, alipokwenda kuishambulia ngome ya Chiwala, mfanyabiashara wa watumwa. Utumwa ulikwisha kwa vita vya namna hiyo, ni kweli, nasi twamshukuru Mungu kwamba ulikwisha. Lakini asiseme mtu kwamba watu wa bonde la Lofoi walipata raha siku ile. Waliacha kuuzwa, wakaanza kubeba mizigo.

Je, ilikuwaje mahali pakubwa hivyo pakasahauliwa? Jibu ni fupi: reli. Mwaka 1900 iliundwa Halmashauri ya pekee ya Katanga, na makao yake yakawekwa Lukafu, bado chini ya mlima ule ule. Lakini shaba iliyotakiwa ilikuwa kusini na magharibi, na reli ilitoka kusini, kutoka Rhodesia. Mwaka 1910 garimoshi lilifika Elisabethville, mji uliozaliwa mwaka huo huo. Mwaka huo huo tena Wabenedikto wa Saint-André waliingia Katanga, nao wakafuata watu walikokuwa. Mwaka huo huo Mukanda Bantu akafa, na Bayeke, chini ya Kitanika, wakarudi kuijenga upya Bunkeya. Kila mmoja akaondoka kwa sababu yake. Misafara ya Luapula ilikuwa imekwisha kufa. Njia ikaota majani. Tangu hapo Lofoi ikawa «mbali».

Hata maji yake hayakutakiwa. Union Minière ilipotafuta nguvu za umeme, ilichukua maporomoko ya Lufira yenyewe: Mwadingusha, yaliyokuwa yameitwa kwa jina la Cornet yule mjuzi wa mawe, mwaka 1930; kisha Koni mwaka 1950. Lofoi yaingia Lufira chini ya mabwawa hayo, wala haigeuzi gurudumu lolote pale. Na hata wangeitaka, ingewadanganya, kwani wakati wa mvua ni nguzo ya maji inayotetemesha mwamba, lakini mwezi wa tisa na wa kumi hukonda hata karibu kukauka. Nasi twasema: afadhali. Labda ndiyo iliyoyaponya.

Hifadhi ya Upemba, iliyo kaskazini zaidi, iliwekwa na Wabeleji mwaka 1939. Ile ya Kundelungu iliwekwa na serikali yetu wenyewe mwaka 1970. Yahesabiwa kuwa na kilomita za mraba 7.600 hivi, pamoja na sehemu za pembeni ambamo watu wanakaa. Juu ya meza ile walikuwako pundamilia, swala wa aina nyingi, hata duma. Leo ukitembea siku nzima waweza kuona nyasi tu. Pundamilia wachache waliobaki tuwatafute upande wa Upemba.

Nani aliyewamaliza? Ni rahisi kujibu: majangili. Lakini turudi tena nyuma kidogo. Katika miaka baada ya 2000, inchi iliyo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo. Mai-Mai walichoma vijiji, askari nao wakachoma vilivyobaki. Mwaka 2004 kituo cha hifadhi cha Lusinga, huko Upemba, kilishambuliwa. Watu walikimbia maelfu kwa maelfu. Mwenye kukimbia hali nyasi. Alikula alichokipata, na bunduki zilikuwa nyingi. Tena kuna makala: Lubumbashi yapika kwa makala, na kila mwaka miti inayokatwa yazidi kuwa mbali na mji, kufuata barabara ya Kasenga. Moto wa wawindaji nao hupita juu ya mlima kila wakati wa jua. Majani yakichomwa mapema au kwa kiasi huota tena, wenyeji wanajua hayo. Moto wa mwisho wa jua, majani yakiwa makavu kabisa, huingia mpaka katika misitu midogo ya vijito, na hiyo ndiyo inayotunza maji ya Lofoi. Hapo ndipo hatari ilipo hasa. Mwamba hautaondoka. Maji yanaweza kupungua.

Tumesikia watu wa mjini wakisema kwamba wenyeji waondolewe wote, mlima ufungwe, ndipo watalii watakapokuja. Tumesikia pia vijana wa vijijini wakisema kwamba hifadhi ni shamba la Wazungu lililobadilishwa jina. Maneno yote mawili hayatupendezi. La kwanza linasahau kwamba wajukuu wa watu wa mapango ndio wanaofukuzwa, nao wamekwisha kufukuzwa na Msiri, na kituo, na Mai-Mai. Mara ngapi tena? La pili linasahau kwamba Kundelungu yatoa mito pande zote mbili, kwa Lufira na kwa Luapula, na mtu wa kwanza kukosa maji na samaki atakuwa kijana huyo huyo. Walinzi ni wachache, na wengine ni watoto wa vijiji hivyo hivyo. Wakikutana na mjomba wao porini na swala begani, wafanye nini? Mlinzi mmoja alitujibu kwamba humwachia mjomba nyama na kumnyang'anya bunduki. Sheria haikuandikwa hivyo. Hata hivyo twadhani kwamba mtu huyo ameokoa wanyama kuliko faini nyingi.

Twaona jambo moja lingewezekana bila fedha nyingi: mgeni anayelipa kiingilio asipande peke yake na mlinzi tu, apewe pia mzee wa kijiji, alipwe, amwonyeshe mapango na amsimulie ni nani aliyelala humo na kwa sababu gani. Wazee wenye kuyajua hayo kwa midomo ya babu zao wanapungua kila mwaka.

Anayetaka kwenda, asiende katika mvua, maana barabara hugeuka matope na gari litalala njiani. Asingoje pia mwezi wa tisa, atakuta uzi wa maji tu. Mwezi wa tano ni mzuri, na nusu ya kwanza ya mwezi wa sita. Aombe ruhusa kwanza katika ofisi ya hifadhi mjini Lubumbashi, achukue blanketi mbili, mafuta ya gari ya kwenda na ya kurudi, na chumvi kidogo kwa mzee atakayemwongoza. Akifika ukingoni alale kifudifudi.